Jina Aliloitwa Rashidi Kaburini

Mtanda,
Lindi, Tanganyika.
14 Machi 1954

Mpendwa mwanangu Ahmadi,

Assalaamu alaykum. Shikamoo yako imenifikia ndani ya barua, nami shangazi yako nakuitikia marahaba, marahaba tena mwanangu. Hujambo huko Unguja? Ile homa iliyokulaza imekwisha, au bado inakurudia jioni? Na chakula je? Huko kwa wajomba zako unakula ukashiba, au unashindia chai na mkate kwa kuona haya ya kuomba?

Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mume wangu Shaweji bado mguu unamsumbua, lakini pwani anashuka. Masika yameanza mapema mwaka huu na paa la jikoni linavuja. Mimi mwenyewe afya yangu ni nzuri kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi. Tangu tumzike baba yako nalala usingizi mzuri. Nakwambia hivyo mapema ili ukifika katikati ya barua usije ukadhani ni majonzi yanayoniandikisha.

Pole kwa kufiwa. Hiyo naitoa kwa moyo mweupe, kwa sababu wewe ni mtoto, umepotelewa na baba, na meli haikukuwahisha hata ukautupia mchanga mwili wake. Nawe sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na aliyelala.

Umeniandikia kwamba kuna binti unayemposa huko, na babu yake amekuita barazani akakuuliza ninyi Al-Naufali ni wa upande gani wa Maskati, na bibi yako mzaa baba ni binti wa nani, ukakosa la kujibu. Unataka nikuandikie ukoo wetu, kwa kuwa baba hayupo tena wa kuulizwa. Tena umesema utakuja kwenye arobaini na jiwe la kaburi, limechongwa jina lake lote kamili. Jiwe hilo usilichongeshe kwanza. Soma barua hii mpaka mwisho, kisha utaamua mwenyewe.

Babu yangu, aliyemzaa babu yako, aliitwa Abdulatifu. Alitoka Ngazija, akashukia Kilwa Kivinje kabla ya Wadachi. Kazi yake ilikuwa kushona kofia na kanzu. Alikuwa akitusimulia kwamba kwao nyumba ni mali ya mwanamke, na mtu akiulizwa wewe wa nani, hutaja ukoo wa mama yake. Kivinje hapakuwa na mtu wa kumuuliza mama yake. Walimwita Abdulatifu Mngazija, na kwa jina hilo akazikwa.

Mwanawe Bakary, baba yetu, ndiye babu yako. Kivinje alikuwa Bakary Mngazija. Alipohamia Sudi kuwashonea wavuvi, watu wa kule walijua cherehani yake tu, wakamwita Bakary Fundi, na karani wa Wadachi alipokuja kutoza kodi akaandika hivyo hivyo. Baba hakubisha. Alisema hilo ni jina la Serikali, lake analo nyumbani. Wakaja Waingereza, tukahamia Lindi, baba yako Rashidi akatiwa skuli, na mwalimu akataka majina mawili basi, la mtoto na la baba. Fundi nalo likaanguka. Akawa Rashidi Bakary.

Unaona mwanangu, sisi majina yalitubadilika kila tulipohama, na hapana aliyeona vibaya. Lakini mpaka hapo hapakuwa na mtu aliyefichwa uani ili jina lipate nafasi ya kukaa.

Baba yako alipotoka skuli aliajiriwa na tajiri mmoja Mwarabu, mzee Naufali, aliyekuwa akinunua nta na ufuta. Rashidi walikuwa wengi Lindi, kwa hiyo huyu akaitwa Rashidi wa Naufali, maana yake yule wa duka la Naufali. Hata wewe umepewa jina la huyo mzee, maana naye aliitwa Ahmadi. Hakuwa na mtoto wala ndugu upande huu wa bahari. Alipokufa, baba yako akabaki na duka, na watu wakalifupisha, wakawa wanasema Rashidi Naufali.

Ile Al ya mbele aliiongeza mwenyewe wakati wa vita, mchele ulipokuwa wa mgao. Waarabu na Wahindi walipewa mchele, sisi wengine unga wa mahindi. Kwa hilo sikumlaumu hata kidogo. Mwaka ule watu wengi wa Lindi walijikumbusha babu zao wa Maskati. Mama yetu mwenyewe alifurahi kwamba mtoto wake anakula wali. Lakini vita viliisha, mchele ukarudi madukani, na baba yako hakurudi. Jina la Kiarabu sasa lilitaka na mama wa Kiarabu.

Mama yetu aliitwa Kijakazi. Alikuwa Mmakonde wa kule juu, upande wa Newala. Alichukuliwa na meno ya utoto bado yamo kinywani, akapelekwa Kivinje, na waliomnunua ndio waliompa jina hilo, kama mtu anavyompa paka jina. Lile la kwao alilisahau, hata jina la mama yake alilisahau. Baba alimuoa kwa mahari na mashahidi. Siku ya ndoa mwalimu wa dini alitaka kumbadilisha awe Zainabu, ili waalikwa wasisikie neno utumwa kwenye hotuba, na yeye akamjibu kwa adabu lakini mbele ya watu, "Hili nimelibeba mwenyewe tangu Kivinje, mwalimu. Watoto wangu watanijua kwalo."

Baba alitufia Rashidi akiwa bado skuli. Ni mama aliyetwanga mtama wa watu, akasuka mikeka, akachuuza mihogo ya kuchemsha pale sokoni, mpaka Rashidi akajua kusoma na kuhesabu vya kutosha kuajiriwa na tajiri. Mimi nilitolewa chuo cha Kurani nimsaidie kubeba sinia. Hilo nalo liweke mahali.

Baba yako akatangaza kwamba mama yake alikuwa Bibi Siti, binti wa Kiarabu, na kwamba alifia Maskati zamani. Sasa yule mliyekuwa mkimwita Bi Mlezi, aliyekuja kwa mlango wa jikoni na vitumbua vyake, akakaa juu ya kinu akikuchezea vidole, huyo ndiye bibi yako. Huyo ndiye Kijakazi. Kaa kidogo unywe maji, kisha uendelee.

Kuna Idd moja, vita vimekwisha, wewe bado hujapelekwa Unguja. Mama alikuwa amemshonea baba yako kofia ya mkono, kazi aliyofundishwa na mkwewe Mngazija, kushona tundu moja moja kwa sindano. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, akiishona mlangoni ili apate mwanga. Siku ya Idd akavaa kanga mpya, akasema leo sipiti jikoni, leo nampa mwanangu mkono wa Idd mbele. Nilimkataza. Akacheka akaondoka.

Baraza ilijaa wageni wanakunywa kahawa. Wewe ulikuwapo, umekaa kwenye busati unakula tende. Baba yako aliipokea kofia, akaitazama, kisha akawaambia wageni wake kwamba huyu alikuwa mtumishi wa marehemu mama, ndiye aliyemlea. Wageni wakasifu uaminifu wa watumishi wa zamani. Mmoja wao, mtu mwema asiyejua analolifanya, akatia mkono mfukoni akampa mama sarafu ya Idd. Mama aliipokea kwa mikono miwili ili asimwaibishe mwanawe.

Alirudi Mtanda kwa miguu na jua limesimama. Akaiweka sarafu dirishani, akavua kanga mpya akaikunja. Nikamuuliza Idd imekuwaje. Akasema, "Nimepewa sadaka nyumbani kwa mwanangu." Halafu akaenda kuchochea moto. Nilitaka kwenda mjini siku ile ile nikasimame barazani niseme niliyonayo. Akanishika mkono, akaniapisha nisimharibie. Nikaapa kwamba maadamu yeye yu hai, sitafungua kinywa. Sikuapa zaidi ya hapo.

Alikufa mwaka wa hamsini, kwangu, mkono wake katika mkono wangu. Baba yako alileta sanda kwa mlango wa nyuma, sanda nzuri, siwezi kusema uongo. Kisha akazunguka mbele, akaketi jamvini pamoja na waliokuja kutoa pole. Makaburini mwalimu aliuliza nani wa damu ashuke kumpokea marehemu, na baba yako akatazama viatu vyake. Akashuka Shaweji, mkwe. Sipriani, yule Mmakonde muuza mkaa, Mkristo, ambaye alikuwa akizungumza na mama kilugha chao kidogo alichokumbuka, alisimama nje ya boma la makaburi ameshika kofia yake, akalia mpaka watu wakamgeukia. Baba yako jicho kavu. Walipomaliza, watu wakapanga mstari kuwapa mkono wafiwa, naye akajipanga mstarini. Alimpa Shaweji mkono, akamwambia, "Poleni sana kwa msiba."

Poleni. Mtu kafiwa na mama yake, anatupa pole sisi. Shaweji aliponihadithia nilikuwa nimeshika ungo, nikauweka chini. Siku hiyo nilijua kwamba nitangoja, hata ikiwa miaka ishirini. Mungu akaniharakishia, ikawa michache tu.

Wewe umesoma dini kunishinda, lakini niandike ili tuelewane. Maiti akishafukiwa, mwalimu hukaa kichwani pa kaburi akamsomea talkini, akamkumbusha majibu atakayowajibu malaika. Na hapo haitwi kwa baba wala kwa ukoo. Huitwa kwa mama yake. Ndiyo maana kabla jeneza halijatoka, wanaume hutuma mlangoni kuwauliza wanawake mama wa marehemu ni nani. Mama yetu alipozikwa tulisema hatumjui mama yake, kwa kuwa hata yeye hakumjua, kwa hiyo mwalimu akamwita Kijakazi mtoto wa Hawa, mama wa watu wote, kama anavyoitwa mtu wa namna hiyo. Jina la Hawa ni la wale waliopokonywa mama. Baba yako hakupokonywa.

Basi mwezi uliopita baba yako akaanguka dukani, na siku ya pili akafa. Niliitwa kama wanavyoitwa watu wa Mtanda, si kama dada. Nikaenda. Nikapewa nafasi kwenye mkeka karibu na mlango, na wanawake wa mjini wasionijua wakaninong'onia habari za marehemu, alivyokuwa mtu wa nasaba. Niliitikia kwa kichwa. Wanawake wa Mtanda walikuwapo pia, wamejaa ukumbini, na kila mmoja wao alikuwa amekula mihogo ya mama yangu.

Ahmadi, nilikuwa nimeingoja sauti ile. Ikaja. Mwanamume akasimama nje ya pazia akauliza, "Mama wa marehemu anaitwa nani?"

Mama yako Kudra aliniangalia. Anajua, sikwambii kwamba hajui, kaishi na baba yako muda huo wote. Wanawake wa Mtanda nao wakaniangalia, mmoja baada ya mwingine. Lilikuwa neno moja tu. Nilijifunga kanga yangu vizuri, nikaweka mikono mapajani, nikasema, "Muulizeni mkewe. Mimi si wa nyumba hii."

Mama yako akasema Siti.

Wanawake wa Mtanda walikuwa wakimjua mama yangu tangu hawajavunja ungo, na wote walinyamaza pamoja nami. Walimwachia Rashidi alichokitaka. Shaweji anasema makaburini mwalimu, yule yule aliyemzika mama, alipopewa jina aliuliza mara ya pili, akawatazama watu, watu wakatazama chini. Akasoma. Rashidi mtoto wa Siti. Ameitwa kwa mwanamke ambaye hakuzaliwa, na amelala huko akisikia anaitwa mtu mwingine.

Niliporudi nyumbani nilipika wali wa nazi, nikala nikashiba. Utaniona mbaya, na mimi siku ile nilikuwa mbaya na nilifurahi kuwa mbaya.

Mama yako yuko eda, hatoki. Alimwita mwalimu, akazungumza naye nyuma ya pazia, akamwomba arudi kimya kimya asome tena kwa jina la haki. Mwalimu alimjibu kwamba yeye alisoma alilopewa na wenye maiti. Mungu hahitaji kuambiwa, alisema, lakini kaburi lile lilisomewa mbele ya watu, na likirudiwa litarudiwa mbele ya watu, na mtu wa damu ya marehemu asimame aseme mama yake ni nani. Damu ya Rashidi hapa Lindi ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo mama yako akaniita. Alilia, Ahmadi, tena sana. Akaniambia, "Wifi, msamehe ndugu yako, usimwache hivi." Nikamwambia mimi ni binti wa mtumishi, nitakuwa na neno gani juu ya maiti ya Al-Naufali. Akanishika miguu. Niliitoa mikono yake taratibu, nikaondoka. Sikumwonea haya wala sikumwonea huruma. Huruma ya nyumba yetu alikuwa nayo mama, na alipozikwa ilizikwa.

Sasa umebaki wewe. Wewe ni damu yake. Mimi sitasimama pale, wala usiniombe, wala usimtume mtu kuniomba. Njoo kwenye arobaini kama ulivyosema. Ijumaa baada ya sala, watu wakiwa bado hawajatawanyika, uanze hapa Mtanda kwenye kaburi la bibi yako, ulipalilie kwa mkono wako wakuone. Kisha uende kwa baba yako, na mwalimu akiuliza, useme kwa sauti, uwasikizishe na wale waliokuwa wakinywa kahawa barazani kwenu, kwamba huyu ni Rashidi mtoto wa Kijakazi. Hapo atasomewa.

Najua maana yake. Meli itakayokurudisha Unguja itakuwa imetanguliwa na habari, na babu wa huyo binti atazipata kabla hujafika. Pengine posa itavunjika. Pengine wajomba zako wataona haya kukaa nawe sinia moja. Sikufichi, na wala sikutafutii njia ya kupita pembeni. Mama yangu naye alipitishwa mlango wa jikoni ili wewe uweze kukaa kwenye busati lile. Ukipenda, baki na jina, umwoe binti, umwache baba yako alivyolala. Sitakuandikia kukusema. Lakini usije ukamwambia mtu kwamba hukujua.

Na ukiamua kuja, jina usihangaike nalo. Mngazija ni letu, Fundi ni letu, Bakary ni letu, chukua utakalo. Hilo jingine ni la mzee wa watu aliyekufa bila mtoto, mwachie mwenyewe.

Shaweji anakusalimu, anasema ukija umletee tumbaku nzuri ya huko. Mama yako anaendelea vizuri na eda yake. Kila Shaweji apatapo samaki nampelekea, maana hasira yangu haikufika kwenye chungu chake. Nisalimie wajomba zako, na Bi Salma mke wa mjomba aliyekulea, mwambie shukrani zake ninazo. Huyo binti naye nisalimie, ikiwa bado ni wa kusalimiwa.

Mungu akupe afya, akutie nguvu miguuni na sauti kifuani, akufikishe salama. Na kama mauti yatatangulia kunichukua kabla hujafika, usihangaike kuikimbilia meli kwa ajili yangu. Mwanamume atakaposimama mlangoni akauliza mama wa Mwanasha ni nani, hata muuza mkaa anayepita njia atamjibu.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Mwanasha binti Bakary